Tope la Malindi Huzuiwa Ukambani

Mvua kubwa zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka kahawia. Tope hilo huletwa na mto Sabaki, ambao huanza kwa jina la Athi, ukaitwa Galana katikati ya safari, na hupita kando ya Nairobi na katika Ukambani kabla ya kuingia baharini kaskazini mwa mji. Wapo wanaosema ndivyo mto ulivyo tangu jadi. Matumbawe yanakanusha. Kila mwaka tumbawe hujijengea tabaka jipya la chokaa, na ndani yake hubaki kiasi kidogo cha bariamu, elementi inayosafiri na udongo na kuachiliwa mto unapokutana na maji ya chumvi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulisoma tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya takriban miaka 300. Bariamu ilikaa karibu palepale hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikapanda, wakati ambapo ukoloni ulikuwa ukitwaa ardhi na matumizi yake yakibadilika haraka. Basi tatizo hili kwa sehemu kubwa limeletwa na watu, na watu wanaweza kulipunguza.

La kuamua ni pa kulikabili. Tone la mvua likipiga udongo mtupu huusambaratisha, chembe laini zikaziba vitundu vya juu, na maji yaliyoshindwa kuzama yakaanza kutiririka. Kadiri mteremko ulivyo mrefu, ndivyo yanavyopata kasi na kubeba udongo zaidi pamoja na fosforasi iliyoushika. Yakishafika mtoni hakuna mtambo utakaochuja mafuriko mazima, na mwisho wake tope hulinyima tumbawe mwanga. Uchafu wa kiwanda hutoka kwenye bomba linaloweza kuzibwa. Huu hutoka kila shamba, kwa hiyo dawa yake iko shambani. Mfano bora ni fanya juu: mkulima huchimba mtaro kwa kufuata kontua, udongo akautupa upande wa juu ukawa tuta, kisha akapanda majani ya nepia yalishikilie. Mteremko mrefu hukatwa vipande vifupi, maji hutulia na kuzama, na udongo hujikusanya nyuma ya tuta hata, baada ya miaka kadhaa, shamba likawa ngazi zilizo karibu kuwa tambarare.

Pingamizi la kwanza ni kwamba idadi ya watu inaongezeka, na ardhi inayogawanywa kila kizazi haiwezi kuhifadhiwa. Wilaya ya Machakos, huko Ukambani, ilithibitisha kinyume. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wake waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko mashambani ulipungua. Kazi ya kuchimba mitaro kwa kulazimishwa na serikali ya kikoloni ilichukiwa. Makinga maji hayo yalienea pale vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vilipochimba chini ya viongozi waliowachagua wenyewe, na mkulima alipoona unyevu ukibaki kwenye mahindi yake na ng'ombe wakila nepia ya tutani. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: bahari bado inachafuka. Ni kweli, kwa sababu tuta halizuii maji yanayotoka kandokando ya barabara, malisho yaliyokwisha nyasi na kingo zilizobomolewa na wachimba mchanga. Wala halizuii naitreti ya mbolea, inayoyeyuka na kupita na maji. Kwa hiyo mbolea itiwe kwa kiasi na kwa wakati wake, na kingo za mto ziachiwe mimea.

Linabaki suala la gharama. Anayechimba yuko mlimani, anayefaidi yuko bondeni, na si haki kumtwisha mmoja mzigo wote. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, uliwakutanisha wakulima na kampuni za maji na umeme zinazoumizwa na tope. Makisio yake yalikuwa kwamba dola milioni 10 zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Hesabu kama hiyo ipigwe kwa bonde la Athi, na hoteli za Malindi pamoja na miji inayotumia maji ya mto huu yanayovutwa Baricho ichangie. Shilingi inayolipia mtaro Machakos inalinda tumbawe, na ni nafuu kuliko kupambana na tope likishafika baharini.