"Mashine imesema": neno linalotumaliza hela gereji

Kuna sentensi moja ukiisikia gereji, jiandae kutoa hela: "Mashine imesema." Leo tunaikosoa, maana inajificha nyuma ya sayansi wakati sayansi yenyewe haijafanywa.

Mfano tunao. Mjomba wa mmoja wetu ana Probox ya mwaka 2004, anabeba abiria na mchele kutoka Kyela kwenda Tukuyu. Gari ikawa inamisi, lakini si kila siku. Ni siku za mvua tu, tena ikishaanza kupanda mlima. Akifika gereji jua limewaka, injini inaunguruma kama mpya. Fundi akachomeka mashine, ikatoa namba P0302. "Mashine imesema plagi." Plagi zote nne zikabadilishwa. Mvua iliponyesha, gari ikamisi tena. Ikabadilishwa pampu ya mafuta. Ikamisi vilevile.

Sasa tuulize: mashine ilisema nini hasa? P0302 maana yake silinda namba 2 haikuchoma mafuta sawasawa. Basi. Kompyuta ya gari haioni plagi. Inachofanya ni kufuatilia mzunguko wa kranki, na silinda isipowaka, kranki inapoteza kasi kidogo. Sababu inaweza kuwa plagi, koili, nozeli au kompresheni. Mashine imetaja wodi alimolazwa mgonjwa, haijataja ugonjwa.

Ushahidi mzito alikuwa nao mjomba, ila hakuna aliyemuuliza: mvua na mlima. Kyela iko chini kando ya ziwa, Tukuyu iko juu yake kwa takriban mita 1,000. Ukikanyaga mafuta kupanda, hewa nyingi zaidi inashindiliwa ndani ya silinda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke kwenye plagi; hapo tunaongelea maelfu ya volti. Mpira wa koili ukiwa na ufa, umeme unatafuta upenyo mwingine, na unyevu unaurahisisha. Kukiwa kukavu, barabara tambarare, ufa uleule unakaa kimya.

Jaribio lake halihitaji spea. Koili ya silinda 2 ipeleke 3, ya 3 ilete 2, futa namba, kisha panda mlima siku ya mvua. Ikija P0303, mwizi ni koili. Ikibaki P0302, koili haina hatia. Hamia kitu kingine, kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo, hata gari ikipona hujui imeponywa na nini.

Kwa mjomba ilikuja P0303.

Ila tusimlaumu fundi peke yake. Sisi wateja tunalipia spea, kufikiri hatukulipii. Fundi akikaa na gari siku mbili anasubiri mvua, hajabadilisha hata nati, nani atampa hela yake bila kununa? Tukikubali kulipia muda huo, tutaokoa pampu nyingi zisizo na kosa.

Siku nyingine ukiambiwa "mashine imesema", uliza swali moja tu: "Fundi, tumehakikishaje?"