Kompyuta 30 Bila Diski: Maabara ya Chuo Kidogo Eastlands

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Vyuo vidogo vya Eastlands, Nairobi, vile vinavyokodi ghorofa ya pili juu ya maduka kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole, vilikuwa na sababu ya kuihofia tarehe hiyo. Maabara zao huendeshwa kwa ex-UK, kompyuta zilizokwisha kutumika ofisini ng'ambo zikaishia madukani Luthuli Avenue. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, yaani zilizoanza kuuzwa 2017. Ex-UK ambazo chuo kidogo kinamudu mara nyingi ni za kizazi cha 4 hadi cha 6. Bado zinawaka na kufanya kazi vizuri, ila mianya mipya ya usalama katika mfumo wake haizibwi tena kwa utaratibu wa kawaida.

Mwenye chuo anaweza kununua mashine nyingine, lakini karo za wanafunzi hazitoshi kwa hilo. Anaweza pia kunyamaza na kuendelea, kama wengi wanavyofanya. Ipo njia ya tatu, na ndiyo ninayotaka kuichambua: kung'oa diski katika kila kompyuta na kuwasha kompyuta zote kwa Linux, badala ya Windows, kutoka kwa seva moja iliyo chumbani humo humo.

Programu inayowezesha hilo, LTSP, si ngeni. Mmarekani Jim McQuillan aliianzisha 1999, na mwaka 2019 ikaandikwa upya kuanzia msingi. Mwanafunzi akibonyeza kitufe cha kuwasha, kadi ya mtandao ya kompyuta yake huuliza: nani ananipa anwani? Seva huipa, kisha huitumia kiini cha Linux, na baada ya hapo kompyuta huanza kusoma nakala ya mfumo mzima iliyo kwenye seva, kipande kwa kipande kadiri inavyohitajika. Hesabu zote hufanywa na prosesa na kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, kwa hivyo gigabaiti 4 za RAM zinatosha kwa kazi za darasani. Seva inabaki kuwa ghala la mafaili tu, na hata ex-UK iliyo bora kidogo kuliko wenzake inaweza kufanya kazi hiyo.

Faida kubwa iko kwenye ukarabati. Katika maabara ya kawaida fundi huzunguka mashine 30 akirudia jambo lile lile, na kabla hajamaliza ya mwisho, flashi ya mwanafunzi mmoja imesharudisha virusi kwenye ya kwanza. Hapa anarekebisha nakala moja. Mwanafunzi akiivuruga kompyuta yake, anaizima na kuiwasha, nayo inarudi ilivyokuwa. Kazi zake zinahifadhiwa kwenye seva chini ya jina lake, hivyo anaweza kukaa kiti chochote.

Mtego uko mahali ambapo wengi hawatazami, nao ni swichi na kebo. Tuseme kila kompyuta inasoma megabaiti 400 hadi iwe tayari. Kwa 30 zikiwaka pamoja asubuhi, hizo ni gigabaiti 12 zinazopita kwenye kebo moja, ile inayotoka kwenye seva. Kebo hiyo ikiwa ya gigabiti 1, ambayo kwa vitendo hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, darasa liko tayari kwa dakika mbili. Ikishuka hadi megabiti 100, ni dakika 18, nusu ya kipindi imekwenda. Na sababu ya kawaida ya kushuka ni kebo ya bei rahisi ambayo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa macho inafanana na nzuri. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, irudishe kwa mwenye duka.

Halafu kuna stima. Kompyuta ya namna hii pamoja na skrini yake hula wati 70 hadi 100, kwa hivyo 30 ni kilowati mbili hadi tatu, mzigo ambao UPS ya kawaida haiwezi kuubeba. Seva na swichi kwa pamoja hazifikii wati 200. Hizo mbili tu ndizo ziwekewe betri. Stima ikikatika skrini zitazimika, lakini hakuna diski 30 zinazokatizwa katikati ya kuandika, jambo ambalo huua diski na mafaili kimyakimya. Mwanafunzi hupoteza dakika chache za kazi ambayo hakuwa ameihifadhi. Na stima hukatika kwa sababu za kila aina: Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na Kenya nzima ikaingia giza.

Seva hiyo hiyo inaweza kubeba Kiwix, programu inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Toleo la Kiingereza lenye picha ni kama gigabaiti 100, na la Kiswahili ni sehemu ndogo tu ya hapo. Bundles za intaneti zinabaki kwa barua pepe na mambo ambayo lazima yatoke nje ya jengo.

Serikali imechukua mkondo mwingine. Kupitia mpango wa Jitume, Konza Technopolis inapeleka kwenye vyuo vya ufundi vifaa vidogo ambavyo kompyuta zake halisi ziko katika kituo cha data cha Konza, kama kilomita 60 kutoka Nairobi. Uzuri wake ni kwamba chuo hakihitaji fundi wa seva. Lakini kila mwendo wa kipanya unasafiri hadi Konza na kurudi, na siku trekta la barabara litakapokata faiba, darasa zima limefungwa. Kwa chuo cha mtaani naona ni hatari zaidi kuliko seva iliyo kabatini.

Seva nayo ikifa, zote 30 zimekufa. Dawa yake ni diski mbili zinazoandikwa sawia, na ex-UK moja ya akiba yenye nakala ile ile. Udhaifu usiotibika ni programu: waajiri wanaulizia Excel na QuickBooks, na LibreOffice, ingawa inamfundisha mtu jedwali vizuri, haimpi jina la kuandika kwenye CV. Chuo chenye busara kitatenga mashine nne au tano za Windows 11 kwa ajili ya hizo na kuwapangia wanafunzi zamu.

Anayetaka kujaribu asianze kwa kununua kompyuta. Anunue kwanza swichi ya gigabiti, kebo ya shaba tupu na betri ya seva. Kompyuta alizonazo zitamtosha miaka kadhaa.