Mchezo na Tuzo Yake

Msomaji, ukiupima mchezo wa kufundishia, usiulize kwanza kama unapendeza. Uliza kama somo limo ndani yake, au limebandikwa juu yake.

Wakikuyu, wenyeji wa Thika na Ruiru, tangu zamani wana giuthi, ndugu wa bao la pwani lenye mashimo 32 na kete 64. Giuthi ina safu mbili za vishimo, na mbegu au kokoto za kugawa moja moja. Asiyehesabu kabla ya kunyosha mkono huliwa. Hapo hesabu ndiyo mchezo wenyewe, na kosa hujulikana bila ya mwalimu kunena.

Ilinganishe na michezo ya simu inayouliza saba mara nane, kisha humtunuku mtoto nyota. Nyota humwamsha mvivu, wala siidharau. Lakini hapo hesabu imekuwa ushuru wa kulipia nyota. Mtoto hujifunza kubahatisha upesi, na nyota zikikoma, hamu nayo hukoma.

Basi siku utakapobuni mchezo, lifanye somo kuwa njia pekee ya kushinda. Mchezo wa namna hiyo hauhitaji kumhonga mchezaji.