Wembe, Utepe na Albamu Zangu za Miaka ya 1970

Katika studio za miaka ya 1970, sekunde moja ya muziki ilikuwa na urefu wa sentimita 38. Huo ndio mwendo uliozoeleka wa utepe wa sumaku ukipita kwenye kichwa cha mashine ya kurekodia. Waliotaka sauti safi zaidi waliongeza mwendo maradufu, sekunde ikawa sentimita 76. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika: kila pigo lilikaa kwenye kipande cha sentimita 19. Fundi mitambo aliweza kulishika pigo hilo mkononi, akalipima kwa rula, akalitia alama kwa penseli nyeupe, akalikata mshazari kwa wembe ili sauti ya huku iingie ndani ya sauti ya kule bila kukwaruza, kisha akaunga kwa kibandiko.

Albamu ninazozipenda za muongo huo ni mchanganyiko: jazi, soul, roki, rege, disko. Kwa orodha ya namna hiyo mtu anaweza kudhani sijui ninachokitaka. Lakini ukichunguza zilivyotengenezwa utaona ni jamaa moja. Katika kila moja utepe uliacha kuwa ghala la kuhifadhia muziki, ukawa ala ya kupigia. Mashairi, mavazi na ndoa za wasanii nawaachia wengine. Hapa tunaangalia mikono ilifanya nini.

Tuanze na Bitches Brew ya Miles Davis. Alirekodi kwa siku tatu, kuanzia tarehe 19 Agosti 1969, katika studio ya Columbia jijini New York, akiwa na kundi kubwa lenye wapiga drams zaidi ya mmoja, mabesi mawili na vinanda vya umeme. Albamu ilitoka 1970, santuri mbili. Ukisikiliza "Pharaoh's Dance" kwa mara ya kwanza utadhani ni watu waliokaa chini wakapiga mfululizo kwa dakika ishirini. Sivyo. Mtayarishaji Teo Macero alizikata zile kanda, akaziunga upya zaidi ya mara kumi. Sikiliza dakika za mwanzo: kuna vifungu vinarudi vilevile kabisa, kila nukta mahali pake. Hakuna binadamu apigaye jambo mara mbili kwa usawa huo; ni nakala ya utepe uleule imerudishwa. Joe Zawinul ndiye aliyeutunga wimbo, bendi ikaupiga, lakini umbo lake ni la Macero na wembe wake. Wapenzi wa jazi walionung'unika kwamba huo si muziki wa kweli walikuwa na hoja, ila hoja yao ilikuwa ya muongo uliopita.

Huku kwetu wakati huo njia ilikuwa nyingine. Katika bendi zilizorekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wote walipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo. Ule nao ni ufundi, tena mgumu, na nyimbo za miaka ile bado zinapumua kwa sababu hiyo. Ila ni ufundi wa kunasa kilichotokea, nami hapa nazungumzia sauti ambazo hazikuwahi kutokea popote mpaka fundi alipoziunga.

What's Going On ya Marvin Gaye, 1971, imo kwenye orodha kwa ajali moja yenye heri. Gaye alikuwa amerekodi sauti yake mara mbili kwenye njia mbili tofauti za utepe, akataka azisikilize ili achague moja. Fundi wa kampuni ya Motown, Ken Sands, akamwekea zote mbili zikicheza kwa wakati mmoja. Gaye akasikia Marvin wawili: mmoja anaimba, mwingine anamjibu, anamtangulia, anamfariji. Hakuchagua. Mtindo huo akaukumbatia, na tangu hapo ukawa alama ya rekodi zake.

Kwa The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973, nitasema kidogo tu kwa sababu imeshaandikwa mno. Kelele za fedha zinazofungua "Money" ni vipande saba vya utepe: sarafu, karatasi ikichanwa, mashine ya dukani ya kuhesabia mauzo. Vilipimwa kwa rula vikawa na urefu mmoja, vikaungwa kuwa kitanzi kilichozungushwa kwenye stendi ya maikrofoni pale studio ya Abbey Road. Mapigo ni saba kwa sababu vipande ni saba. Mpiga drams hakuweka mwendo wa mwanzo. Rula ndiyo iliyouweka.

Ninapotaka kumwonyesha mtu jinsi utepe ulivyokuwa ala, humpigia "I'm Not in Love" ya 10cc, kutoka The Original Soundtrack ya 1975. Walianza kuurekodi kwa mdundo wa bossa nova, hawakuupenda, wakaufuta. Kevin Godley akapendekeza waufanye kwa sauti za watu. Kwaya hawakuwa nayo. Walikuwa watu wanne na mashine ya njia 16, katika studio ya Strawberry mjini Stockport, Uingereza.

Walifanya hivi. Watatu kati yao, Godley, Lol Creme na Graham Gouldman, walisimama mbele ya maikrofoni wakaimba "aaa" kwa noti moja tu. Wakairekodi mara 16. Tatu mara 16 ni 48: noti moja sasa ina waimbaji 48. Eric Stewart, wa nne wao, akaichanganya, akaifanya kitanzi cha utepe. Wakahamia noti inayofuata, nusu hatua juu, wakaanza upya. Noti 13 kwa jumla. Hesabu yake ni sauti 624, na zoezi lilichukua takriban wiki tatu.

Kwa nini kitanzi? Kwa sababu binadamu huishiwa pumzi, na kwaya ya kweli lazima ivute hewa. Kitanzi hakivuti hewa. Lakini kina adui yake: pale kilipoungwa husikika kama mshtuko mdogo, na kitanzi kikiwa kifupi mshtuko huo hurudi kila baada ya muda mchache. Dawa ilikuwa kukifanya kirefu, mita tatu na ushei, kikitoka kwenye mashine, kinazunguka kigurudumu kilichofungwa kwenye stendi ya maikrofoni, kisha kinarudi. Kila kitanzi kikachezwa kwa dakika kadhaa na kujazwa kwenye njia yake ya mashine kubwa. Njia 13 zikawa zimekwisha, zimebaki tatu kwa kila kitu kingine.

Hapo ndipo mixa, meza ya kuchanganyia sauti, ilipogeuka kinanda. Kila swichi ya kuteleza ilikuwa noti. Ukipandisha tatu zinazopatana, kwaya inaimba kodi. Ukishusha moja taratibu na kupandisha jirani yake, kodi inabadilika kama ukungu unavyohama mlimani. Mikono miwili haikutosha, ikabidi wote wanne wakae mezani, kila mmoja na swichi zake. Halafu likaja jambo ninalolipenda kuliko yote: walibandika utepe wa gundi chini ya swichi ili zisishuke hadi sifuri. Maana yake noti zote 13 zipo muda wote kwa mbali, hata zile zisizopatana na wimbo. Ule uvumi unaosikika chini ya kila kitu, unaokufanya uhisi chumba kina watu ambao huwaoni, ndio huo. Albamu yenyewe, kusema kweli, haiko sawa; baadhi ya nyimbo zake ni mzaha uliozeeka. Naihesabu kwa wimbo mmoja.

Najua wapenzi wa roki watauliza Queen wako wapi, maana A Night at the Opera ni ya mwaka huohuo nayo imerundika sauti juu ya sauti mpaka basi. Naistahi. Lakini huisikiliza kwa heshima kuliko kwa hamu, na orodha hii ni ya hamu.

Kingston, Jamaika, kulikuwa na namna mbili za kufikiri. Ya kwanza ni Catch a Fire ya The Wailers, 1973. Msingi ulirekodiwa Kingston kwenye mashine za njia nane, kanda zikapelekwa London, na Chris Blackwell wa kampuni ya Island akawaita wapigaji wa roki waongeze rangi: Wayne Perkins kwenye gita, John "Rabbit" Bundrick kwenye vinanda. Solo ya gita ndani ya "Concrete Jungle" imepigwa na kijana wa Alabama aliyekuwa mgeni kabisa kwa mdundo huo. Mwaka 2001 zilitolewa pia nyimbo hizo kama zilivyotoka Jamaika kabla ya nyongeza. Nimezilinganisha mara nyingi, na mimi nachagua zile za Jamaika: besi ina nafasi zaidi. Lakini bila zile za London huenda dunia isingesikiliza kabisa.

Namna ya pili ni kinyume: usiongeze, punguza. Osbourne Ruddock, yaani King Tubby, alikuwa fundi wa vifaa vya umeme kabla ya kuwa chochote kingine. Studio yake ilikuwa nyumbani, mtaa wa Waterhouse, na mixa yake ilikuwa ya njia nne tu, iliyonunuliwa kutoka studio ya Dynamic. Ilikuwa na kitufe kikubwa cha kuchuja sauti nzito. Ukikizungusha, besi huyeyuka hatua kwa hatua mpaka kunabaki msisimko mwembamba wa visahani na gita; ukikirudisha, besi inaanguka tena kwa kishindo. Katika King Tubbys Meets Rockers Uptown, ya 1976, muziki ni wa Augustus Pablo na melodika yake. Wimbo uliobeba jina la albamu ni "Baby I Love You So" wa Jacob Miller uliobomolewa. Miller anaanza sentensi, Tubby anamkata, neno la mwisho linatumbukia kwenye mashine ya mwangwi na kurudi likififia huku drams za Carlton Barrett zikisonga peke yake. Hakuna kilichopangwa kwa kompyuta wala kuandikwa. Ni mkono wa mtu mmoja, moja kwa moja. Akichelewa nusu sekunde, arudie wimbo mzima.

Munich, Ujerumani, 1977. Albamu ni I Remember Yesterday ya Donna Summer. Watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliipanga kama safari ya nyakati, kila wimbo na ladha ya miaka iliyopita, na wa mwisho uwe wa wakati ujao. Huo ndio "I Feel Love", na ndio peke yake ninaourudia.

Sinthesaiza kubwa ya Moog waliiazima kwa mtunzi Eberhard Schoener, pamoja na msaidizi wake Robby Wedel. Tatizo lilikuwa mashine yenyewe: haikukaa kwenye sauti. Unarekodi kidogo, noti zinaanza kuteleza, unasimama, unairudisha sawa, unaendelea. Sasa ukisimama kila mara, na kila sehemu ukairekodi peke yake, utazifanyaje zote zilingane? Wedel alirekodi kwenye njia ya 16 ishara ya mwendo kutoka kwa Moog yenyewe. Kila waliporudi kuongeza sehemu mpya, utepe ndio ulioiamuru mashine iende lini. Moroder mwenyewe amesimulia kwamba alishangaa kuona jambo hilo linawezekana.

Kisha ujanja wa pili, rahisi kuliko unavyosikika. Noti za besi zilizopigwa ni nusu tu ya unazozisikia. Zile za asili zimewekwa upande mmoja wa spika. Upande wa pili umewekwa mwangwi wake, umecheleweshwa kiasi kwamba unaingia katikati kabisa ya noti mbili. Mwendo unaongezeka maradufu na besi inaruka kutoka sikio hadi sikio. Kitu kimoja Moog haikukiweza ni dramu ya mguu, kishindo chake kilikuwa laini mno. Mpiga drams Keith Forsey akaipiga kwa mguu wake, dakika baada ya dakika, bila urembo wowote. Wimbo unaosifiwa kuwa wa mashine unatembea kwa mguu wa binadamu.

Rumours ya Fleetwood Mac, iliyotoka Februari 1977, inaonyesha bei ya mambo haya yote. Utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, na kila unapopita mashineni unga kidogo hubaki njiani. Bendi ilianza Sausalito, California, mwaka 1976, ikaongeza gita na sauti kwa miezi, utepe uleule ukirudishwa nyuma na kuchezwa tena maelfu ya mara. Fundi Ken Caillat akagundua kwamba drams zimepoteza makali. Sauti za juu ndizo hutangulia kupukutika. Bahati nzuri nakala ya pili ya msingi ilikuwepo, haijachezwa. Ila mashine mbili hazikuwa na chochote cha kuzifunga pamoja. Aliitwa mtaalamu akavaa hedfoni, sikio moja utepe mchakavu, sikio jingine utepe mzima, akafuata visahani na dramu ndogo huku akirekebisha mwendo kwa mkono ili zisiachane, wimbo baada ya wimbo. Drams safi unazozisikia leo kwenye albamu hiyo ni kazi ya masikio na vidole vya mtu huyo.

Kwa hukumu yangu, ya kwanza ni King Tubbys Meets Rockers Uptown: njia nne zimefanya zaidi ya 24 za wengine, na hakuna wimbo wa kuruka. Bitches Brew inafuata, kisha What's Going On. Rumours na Catch a Fire zinagombania nafasi ya nne kila nikizisikiliza. Za 10cc na Donna Summer naziweka mkiani kama albamu, ingawa nyimbo zao mbili ndizo nilizojifunza kwazo zaidi. Utakaporudi kwenye "I Feel Love", tafadhali usiisikilize kwa spika moja ya simu. Vaa hedfoni, zote mbili, kulia na kushoto, kisha vua moja uone besi inavyopungua nusu.