Ndugu wa Kweli wa Zeus

Neno *dyēus huandikwa na kinyota mbele, na kinyota hicho ni ungamo: hakuna jiwe, ngozi wala kigae kilichopatikana kikiwa na jina hili. Wanaisimu wamelisuka upya kutokana na wajukuu wake. Lilikuwa jina la anga la mchana na la mungu wake, kwa watu waliosema Kihindi-Kiulaya cha awali kabla ya maandishi kuwafikia.

Asiye fundi huanza na kufanana. Mungu kwa Kigiriki ni theos, kwa Kilatini ni deus. Nani asingeapa kwamba ni ndugu? Fundi anakataa. D inayoanza neno la Kilatini hulingana na d ya Kigiriki, ndiyo maana kumi ni decem huku na deka kule. Th ya Kigiriki ina asili yake nyingine. Basi theos anatolewa katika ukoo, na anaingizwa Zeus, ambaye kwa sura hana analofanana na deus.

Z ile basi imetoka wapi? Midomoni mwa Wagiriki, d iliyofuatwa na y iligeuka z. Lakini ukitaka kusema “wa Zeus”, d inarudi: Dios. Katika Kisanskriti cha Veda yuko Dyaus, na “wa Dyaus” ni divas.

Kinachonikosha zaidi ni jina hili likiwa yambwa. Veda ina dyām, Homer ana Zēn, Kilatini kina diem, ambalo kwao limekuwa “siku”. Shina lilikuwa na w. Mbele ya m ya yambwa, w hiyo ilimezwa, na lugha zote tatu zimeurithi upungufu huo. Maneno yanaweza kufanana kwa bahati, au yakaazimwa sokoni. Kasoro ya sarufi haiazimwi. Kanuni inayoieleza hubeba jina la Christian Stang wa Norwei. (Ufundi huuhuu ndio Carl Meinhof alioutumia kwa sauti za lugha zetu za Kibantu, katika kitabu chake cha 1899.)

Jupiter naye ni mwito ulioganda. Homer huita Zeu pater, Veda ina Dyaus pitar, yaani Anga Baba. Waroma waliushika mwito wakaufanya jina lenyewe.

Halafu kuna subira ya kutosema. Zeus na Jupiter hupiga radi, lakini katika Rigveda radi ni ya Indra, na Dyaus amekwisha kufifia. Kwa hiyo wachunguzi makini hawamkabidhi mungu wa awali radi hiyo kwa haraka. Wanampa walichokikuta kwa wote watatu: anga na ubaba. Visa vya mapenzi, ambavyo Wagiriki walivisimulia kwa raha zao, wamewaachia Wagiriki.