Ngoma ya Kusini Ilivyopandishwa Jukwaani

Ukumbi wa sementi wenye paa la bati ni mahali pagumu kwa ngoma, na ugumu huo unapimika. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Ukumbi ukiwa na urefu wa meta 20, pigo linalotoka jukwaani hugonga ukuta wa nyuma na kumrudia mpigaji baada ya sehemu 12 hivi za mia ya sekunde. Wapigaji watatu wanaopokezana hutoa kwa urahisi mapigo manane kwa sekunde, yaani pigo moja kila baada ya muda uleule. Kwa hiyo mwangwi wa pigo la kwanza unatua juu ya la pili, wa la pili juu ya la tatu, mpaka mchezaji hatambui tena ni ngoma ipi inayomwita. Kwenye kiwanja cha mchanga, chini ya mwembe, tatizo hili halipo. Sauti ikishapita haina ukuta wa kuirudisha.

Nimeanza na hesabu kwa sababu kila panapozungumzwa habari ya kuweka msimu wa ngoma za asili katika ukumbi wa jamii, iwe Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, mazungumzo huishia kwenye bajeti na mgeni rasmi. Ufundi hauguswi. Wakati ufundi huo upo, umejaribiwa nchini kwa zaidi ya miaka 60, na ngoma zilizotumika kuujaribu ni pamoja na hizi za kwetu kusini.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana. Alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha, lakini wachache walikuwa wamewahi hata kusikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Haukupita muda mrefu likaundwa Kundi la Taifa la Ngoma, na mojawapo ya ngoma zilizopata umaarufu mkubwa kupitia jukwaa la taifa ilikuwa sindimba ya Wamakonde. Ikaingia mashuleni, ikachezwa na watoto ambao hawajawahi kuiona Mtwara wala Lindi.

Tuangalie ilivyofanywa. Sindimba nyumbani kwake imefungamana na jando na unyago. Huchezwa watu wakiwa wamezunguka, huchukua muda mrefu, na mpigaji mkuu hubadilisha mdundo kwa kumtazama mchezaji. Mchezaji akikaza nyonga, ngoma inamfuata. Ngoma ikikatika ghafla, mchezaji naye anakatika. Jukwaani duara lilikatwa likawa mistari inayomtazama mgeni rasmi. Wapigaji wakawekwa nyuma au pembeni. Usiku mzima ukawa dakika chache, na nyimbo za mafunzo zikapisha nyimbo za kulisifu taifa. Katika mabadiliko yote hayo, lililoumiza zaidi kwa maoni yangu ni hilo la wapigaji kuwekwa nyuma. Macho ya mchezaji na mikono ya mpigaji viliachana, na ngoma ambayo ilikuwa mazungumzo ikageuka hatua za kukariri. Ufupisho ungevumilika, kwa sababu hata kiwanjani watu huingia na kutoka. Kuvunja mazungumzo hakuvumiliki.

Hata hivyo, siwezi kuliita kosa tupu. Bila hatua ile, mtoto wa Kagera asingeijua ngoma ya Newala hata kwa jina. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, na vijana wengi walijifunza pale midundo ya kusini kwa namna ambayo vyuo vya nchi nyingi havikuwahi kuifikiria. Lakini somo la ufundi linabaki: ukiipandisha ngoma jukwaani, mpange mpigaji mkuu pale ambapo mchezaji anamwona.

Vikundi vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990 vilijifunza somo jingine. Muungano, Mandela na baadaye TOT walikuwa wakifanya maonyesho ya mwisho wa wiki katika kumbi na baa, wakichanganya ngoma, maigizo, sarakasi na taarabu katika onyesho moja. Wapo waliodharau mchanganyiko ule. Mimi nauona kama jibu la kitaalamu kwa swali gumu: mtu aliyelipa kiingilio utamweka kitini saa kadhaa kwa njia gani? Walirudisha pia kutunza. Mama anainuka, anacheza kidogo mbele ya jukwaa, anambandika msanii noti, anarudi kukaa. Kwa kitendo hicho mpaka kati ya jukwaa na viti unavunjika, na mtazamaji anapata tena nafasi yake ya kiwanjani. Ukumbi wowote wa Kilwa unaotaka kuwa na msimu wa ngoma uache njia pana mbele ya jukwaa. Mstari wa kwanza wa viti ukisogezwa hadi miguuni mwa wasanii kwa ajili ya viongozi, kutunza kunakufa, na pato la wasanii linakufa nalo.

Mfano uliofanikiwa kuliko yote ni wa Unguja, na una damu ya kusini. Unyago wa Unguja una asili ya bara, hasa kwa watu wa kusini: Wayao, Wamakonde, Wangindo na majirani zao. Wengi wao walivushwa kwa nguvu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19, hadi Sultani Barghash wa Unguja alipotia saini mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari. Midundo ilivuka pamoja na waliovushwa. Miaka mia na zaidi baadaye, Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alisimama na ngoma yake ya msondo mbele ya watu wa mataifa mengi. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, lilimpa Bi Kidude mahali panapofaa: Ngome Kongwe, ua wa wazi uliozungukwa na kuta nene, usio na paa. Sauti inapaa. Kanuni ya tamasha lile kwamba kila kinachopigwa kipigwe moja kwa moja, bila kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, imeilinda ngoma kuliko hotuba nyingi. Na kabla ya jukwaa huwa kuna maandamano ya beni mitaani, yanayokusanya watu njiani hadi mjini. Beni si ngeni pwani. Ilianzia Lamu na Mombasa mnamo miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika nzima ikiwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, na mara nyingi ilianzia barabarani. Anayefungua msimu wa ukumbi kwa kuwangoja watu mlangoni amesahau hila ambayo babu zetu waliijua vizuri.

Kuna jambo la unyago ambalo lazima nilitamke. Mdundo wa msondo unaweza kupanda jukwaani. Mafunzo ya ndani hayapandi. Zipo nyimbo za kumcheza mwari ambazo ni za wanawake peke yao, na kuzileta mbele ya kamera ni kuwanyang'anya kungwi na somo kazi yao. Mwandaaji akae na kinamama kabla ya msimu, na wao ndio waseme ipi ya nje na ipi ya ndani. Wakikataa, imekatazwa.

Sasa vitendea kazi. Ngoma ya ngozi hunyonya unyevu, na pwani yetu ina unyevu mwingi. Kiwanjani moto wa majani makavu huwa jirani, ngozi ikilegea inapashwa, inakaza, inarudi kazini. Ukumbini moto hauruhusiwi, ngoma inaanza vizuri na kufifia katikati ya onyesho, kisha fundi mitambo anajaribu kuiponya kwa kuongeza bezi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Dawa ni jiko la mkaa nyuma ya ukumbi, mtu mzima wa kulisimamia, na seti mbili za ngoma zinazopishana. Wamakonde wana ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, ambazo huchomekwa ardhini ili zisimame. Kwenye sementi hazisimami. Mpigaji anabaki kuishika kwa magoti na kupoteza nusu ya nguvu zake. Sanduku la mbao lililojazwa mchanga wa pwani linatosha, na lina faida ya pili ya kuzuia mtetemo usipite sakafuni.

Kuhusu vipaza sauti, nashauri uchache. Kimoja kwa anayeongoza wimbo, kimoja au viwili kwa waitikiaji, na ngoma ziachwe zijitegemee. Ukumbi wa watu mia mbili hauhitaji kipaza sauti mbele ya msondo. Madirisha yafunguliwe yote, maana dirisha lililo wazi halirudishi mwangwi. Ukuta wa nyuma utandikwe mikeka au mazulia mazito. Miili ya watu wenyewe hufyonza sauti vizuri sana, kwa hiyo majaribio ya sauti ya saa kumi jioni katika ukumbi mtupu yasiaminiwe sana.

Limebaki jambo ambalo kwetu kusini naliona zito kuliko mitambo: kalenda. Sauti za Busara imezoea Februari kwa sababu ambazo Unguja zina maana. Ni wakati wa kaskazi, vuli zimepita, masika hayajaanza, na wageni ni wengi. Anayeiga Februari pwani ya Lindi atakutana na mvua, kwani kwetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Daraja la Mkapa kwenye Rufiji, lenye meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kutuondolea adha ya kivuko, lakini Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na kusini ikatengwa tena na Dar es Salaam. Kikundi kinachotoka mbali hakiwezi kuahidi kufika wakati wa mvua.

Msimu wa kweli wa ngoma kusini hufuata mavuno. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba, na kati ya hapo kuna kiangazi, watu wana fedha na nafasi, na jando na unyago hufanyika. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya ukumbi. Ndani ya miezi hiyo zichaguliwe wiki za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa gizani, hivyo mwezi ukiwa mpevu wengi wao wako nchi kavu, na watu wa vijijini wanarudi makwao kwa mwanga. Mwandaaji aangalie pia kalenda ya Kiislamu, ambayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ramadhani haina ngoma, lakini siku za vunja jungu kabla yake zina hamu kubwa ya ngoma, na Mfungo Sita waachiwe watu wa maulidi na dufu zao.

Wenzetu wa Mtwara wamekwishaanza. Tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, limeonyesha kwamba ngoma ya kusini ina watazamaji wake kusini, bila kwanza kupitia Dar es Salaam. Kilwa na Lindi wana Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga na Wamwera, na kumbi za jamii zimesimama tupu usiku mwingi wa kiangazi. Naomba halmashauri na maofisa utamaduni wa pwani hii wasianze na ukumbi mpya. Waanze na usiku mmoja wa mbalamwezi mwezi Julai, vikundi viwili, sanduku la mchanga na jiko la mkaa, na malipo ya wapigaji yawe mkononi mwao kabla hawajapanda gari la kurudi kijijini.