Zaburi Iishiayo Gizani

Katika shule zetu na makanisa yetu hakuna Zaburi ijulikanayo kama ile ya 23. Watoto huijua kwa moyo kabla hawajaweza kuandika vema, na penye msiba ndiyo isomwayo kwanza. Mimi nami nilikuwa na desturi hiyo, hata siku moja nilipokwenda kumhani mama mmoja aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Nilipokwisha kuisoma, yule mama akanyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Mwalimu, maneno hayo ni mazuri, lakini leo si yangu." Nikarudi nyumbani na kitabu changu kwapani, nikifikiri: Je, katika Zaburi 150 haimo iliyo yake?

Imo, nayo ni Zaburi ya 88. Nataka kuipima leo kama tupimavyo utungo wo wote, tuone imejengwaje, na ina upungufu gani, tena yafaa nini.

Zaburi hii ina aya 18. Anwani yake yamtaja Hemani Mwezrahi, na wana wa Kora, waliokuwa waimbaji. Basi haikuwa siri ya mtu mmoja chumbani mwake, ilikuwa wimbo wa watu wengi. Mtunzi alia mchana na usiku. Asema kwamba ahesabiwa pamoja na wafu, na rafiki zake wamemwepuka. Kisha aanza tena, asema kwamba amwita Mungu kila siku na kumnyoshea mikono, naye amwuliza maswali mfululizo kama wafu waweza kumsifu. Aanza mara ya tatu, na sasa ni asubuhi. Lakini asubuhi hiyo haileti jua. Neno la mwisho katika Kiebrania ni giza. Tafsiri yetu ya mwaka 1952 yasema kwamba jamaa zake ndio walio gizani. Wafasiri wengine wasema kwamba giza lenyewe ndilo rafiki aliyesalia. Kwa vyo vyote, wimbo waisha pale, wala taa haiwashwi.

Wako wasemao kwamba maneno haya hayamfai mfiwa, kwa kuwa yamwongezea huzuni. Nakiri kwamba neno lao lina nguvu. Zaburi ya 13 nayo yaanza kwa kulalamika, lakini ina aya 6 tu, na kabla haijaisha mtunzi amekwisha kuimba kwa furaha. Hemani haimbi hivyo. Hatubu, hashukuru, wala haahidi sadaka. Tena amwambia Mungu waziwazi kwamba mawimbi yamlemeayo yatoka Kwake. Tukiupima utungo huu kwa mafundisho tu, tutasema kwamba haukukamilika, na mtu asiyesoma Zaburi nyingine ila hii atakuwa amejipunja.

Lakini tazama jinsi asemavyo. Katika Zaburi ya 23 mtunzi aanza kwa kusimulia habari za Mchungaji, kama mtu asimuliaye habari za mwingine. Katika Kiswahili chetu hatulioni jambo hili upesi, kwa kuwa vitenzi vimeanza kwa *hu-*, ambayo haibagui nafsi. Afikapo bondeni, katika aya ya 4, ndipo neno Wewe litokeapo. Malishoni alisema juu ya Mungu. Bondeni asema na Mungu. Watu wengi huisoma miaka mingi wasiuone mgeuko huo, nao ndio moyo wa wimbo wenyewe: hakuambiwa kwamba bonde litaondolewa, aliona kwamba hayumo peke yake.

Sasa irudie ya 88. Tangu aya ya kwanza hata ya mwisho Hemani hasemi habari za Mungu hata mara moja. Yote amwambia Yeye mwenyewe. Yote ni Wewe. Hata amlaumupo, amlaumu usoni. Mtu aliyekata tamaa kabisa hunyamaza, au huwasimulia jirani. Huyu abisha mlango ule ule usiku, mchana, na asubuhi, na katika neno lake la kwanza kabisa amwita Mungu wa wokovu wake. Basi Zaburi ya 88 ni kama aya ile ya bondeni iliyorefushwa, bila meza wala kikombe. Mtunzi hakusikia faraja, lakini alijua wa kumlilia, na huko ndiko kukaa mbele za Mungu kuliko kugumu kupita kote.

Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 chaagiza isomwe katika sala za jioni ya Ijumaa Kuu. Waliochagua hivyo walijua kazi yao, maana saa hiyo twamkumbuka Bwana aliyeshuka gizani mwenyewe, na siku ya tatu haijafika.

Walimu wenzangu, rafiki za Ayubu walikaa naye siku 7 kimya, wakafanya vema. Walipofungua vinywa kumwonya ndipo walipokosa. Nasi tumekosa hivyo mara nyingi, tukiwaambia wafiwa wasilie, kana kwamba machozi ni upungufu wa imani. Zaburi ya 23 tusiiache, ila tusimharakishe mtu afike mezani ambaye bado yu bondeni.

Siku chache baadaye nilirudi kwa yule mama, nikamsomea hii ya pili, polepole, hata mwisho, wala sikuongeza neno. Akauliza, "Kumbe na haya yamo kitabuni mwa Mungu?" Nikamjibu, "Yamo." Akaniambia, "Soma tena."